Kibaba cha Televisheni: Kitui na Makueni Nani Kahesabiwa?

MWEZI uliopita nilipanda basi Mombasa kwenda Kitui kumpa mkono wa tanzia rafiki yangu aliyefiwa na mamake mzazi. Nilishuka Kibwezi, nikaingia matatu ifuatayo ile barabara ya lami inayokata Ikutha na Mutomo mpaka Kitui mjini. Mungu si Athumani, gari letu likapata pancha karibu na Mutomo jua likizama, na gurudumu la akiba nalo likawa halina upepo. Basi tukawa hatuna budi kungoja. Nilisali Magharibi kando ya njia, kisha nikaingia katika hoteli moja ndogo ya mabati kutafuta chai.

Ndani ya hoteli hiyo mlikuwa na televisheni moja imetundikwa ukutani, imezungushiwa wavu wa waya kama kuku, umeme wake ukitoka kwenye kioo cha sola kilicho juu ya paa. Ilikuwa ni saa moja kasoro kidogo, na watu walikuwa wakiingia mmoja mmoja kungoja taarifa ya habari ya Kiswahili. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikawahesabu. Waliokaa walikuwa 26, na wengine 5 wamesimama dirishani nje, wameegemea mikono yao. Jumla 31. Mimi ni wa 32 lakini mimi ni mgeni, nikajitoa.

Mwenye hoteli alikuja na chai, akaiona kofia yangu, akasema, "Karibu, shehe. Umetoka Mombasa?"

"Nimetoka Mombasa, mwanangu. Watu hawa ndio wa kila siku?"

"Hawa ni wachache, shehe. Jumamosi kukiwa na mpira wa Uingereza, hata mimi mwenyewe hukosa pa kusimama."

Nikamwuliza kama amewahi kuulizwa na mtu yeyote ni stesheni gani inayotazamwa hapa. Akacheka. Akaniambia kwamba kuna watu humletea ujumbe katika simu yake ya mkononi, wakimwuliza: jana saa fulani ulitazama stesheni gani? Naye akijibu hupata kredi kidogo ya simu.

"Na hujibu nini?"

"Hujibu ile ninayoipenda mimi. Mara ya mwisho, saa hiyo waliyoiuliza nilikuwa nyuma nikikaanga mandazi, sikuona kitu. Lakini niliona nikisema sikutazama, huenda wakaniondoa katika orodha yao, na mimi nataka ile kredi."

Nilicheka pamoja naye. Lakini tulipokwisha pata gurudumu na kuendelea na safari, gizani kati ya Mutomo na Kitui, nilianza kulifikiri jambo lile na kicheko kikanitoka. Watu 31 wamekuwa mtu mmoja, na huyo mmoja mwenyewe hakutazama. Na jawabu lake limekwenda Nairobi, likatiwa katika hesabu, likatoka huko limekuwa asilimia, nayo asilimia hiyo ikapelekwa kwa wenye sabuni na wenye unga wa ngano wapate kujua fedha zao za matangazo wazitie wapi.

KISA CHANGU

Hapana budi nikiri, wasomaji wapenzi, kwamba katika jambo hili mimi si mtu asiye na upande. Nina kidonda. Miaka mingi imepita sasa, nilikuwa na kipindi changu cha mashairi katika stesheni moja ambayo sitaitaja. Kilikuwa ni kipindi cha robo saa, usiku wa Alhamisi. Tulikuwa tukiwaleta washairi wa Lamu, wa Pemba, wa Vanga, na mara mbili tatu tuliwaleta vijana wa Kikamba wanaotunga kwa Kiswahili, maana Wakamba na Pwani si wageni. Misafara yao ilishuka Mombasa na pembe tangu kabla ya reli, na mpaka leo hakuna mtaa wa Changamwe au Mikindani usio na Mkamba aliyeoa au kuolewa humo.

Siku moja niliitwa ofisini. Kijana mmoja mwenye shati jeupe alinifungulia karatasi yenye safu za tarakimu, akaweka kidole chake juu ya mstari mmoja. "Ustadh," akasema, "kipindi chako kina sifuri." Nikamwuliza, sifuri ya nini? Akasema sifuri ya watazamaji. Nikamwonyesha barua nilizokuwa nazo mkobani, nyingine kutoka Mwingi, nyingine kutoka Wote, moja imeandikwa na mwalimu wa skuli ya msingi anayewasomesha watoto vina na mizani kwa kipindi changu. Akaziangalia kwa heshima, sikatai, kisha akasema barua si takwimu. Wiki mbili baadaye robo saa yangu ilipewa dawa ya meno.

Kwa hivyo nimeishi na neno hilo sifuri kwa muda mrefu, na nimejisomesha kidogo kidogo habari zake. Leo nataka kuieleza sifuri hiyo ilitoka wapi.

Chuoni nilikosomea Kurani, mwalimu wetu alikuwa na kibaba cha mti. Kila mwisho wa Ramadhani alitufundisha kupima pishi ya fitri, vibaba vinne, pishi moja kwa kila kichwa cha nyumba. Akituonyesha tofauti ya kibaba cha mfuto, ambacho unakifuta juu kwa mkono kikawa sawasawa, na kibaba cha tele, ambacho mchele umefanya kilima. Mtu mwerevu, akitununuzia hutumia cha tele, akituuzia hutumia cha mfuto, na vyote viwili anaviita kibaba. Imo Sura nzima iliyopewa jina la watu hao, Al-Mutaffifin, na mwalimu alikuwa hachoki kuturudisha hapo. Nasema haya kwa sababu tarakimu za televisheni nazo zina mfuto na tele, na wenye stesheni wanajua ni kipi cha kutumia kwa nani.

Chukua kijiji cha watu 100. Tuseme 40 kati yao wana televisheni nyumbani. Saa moja jioni, 20 wamekaa mbele ya kioo, na 10 kati ya hao 20 wanatazama stesheni ya A. Sasa stesheni ya A ina watazamaji wangapi? Ukiwahesabu katika kijiji kizima, ni asilimia 10. Ukiwahesabu katika wale wenye televisheni, ni asilimia 25. Ukiwahesabu katika wale waliokuwa wakitazama saa ile tu, ni asilimia 50. Watu ni walewale 10, hawakuongezeka hata mmoja. Lakini stesheni itatangaza kwa herufi kubwa kwamba nusu ya watazamaji ni wake. Hajasema uongo. Amepima kwa tele.

JINSI WANAVYOPIMA

Zamani, wakati wa Sauti ya Kenya, hatukuwa na haja ya haya. Televisheni ilianza nchini mwaka 1962, na ikaendelea kuwa peke yake mpaka KTN ilipokuja mwaka 1990. Asiyependa alichonacho alizima. Umashuhuri wa kipindi ulijulikana kwa gunia la barua na kwa kadi za salamu, na kwa watu kumwita mtu njiani kwa jina la uigizaji. Marehemu Mzee Ojwang alikuwa akiitwa Ojwang kila alikokwenda, wala hakuna aliyehitaji asilimia kujua kwamba *Vitimbi* hutazamwa. Lakini stesheni zilipokuwa nyingi na kila moja ikawa inakula kwa matangazo, wenye fedha wakataka kujua.

Wenzetu Marekani walitangulia. Mwaka 1930 Archibald Crossley alianza kuwapigia watu simu kuwauliza jana walisikiliza nini katika redio. Akaja Hooper, naye akaona kuuliza ya jana ni kumtegemea mtu asahauye. Yeye akawa anapiga simu kipindi kikiwa hewani: sasa hivi unasikiliza nini? Hili ni swali bora, lakini lilikuwa na ila moja. Asiyekuwa na simu hakuulizwa, na miaka ile asiyekuwa na simu alikuwa ni maskini au mtu wa shamba.

Kisha A. C. Nielsen wa Chicago mwaka 1936 alinunua chombo kilichobuniwa na walimu wawili wa chuo kikuu cha MIT, kiitwacho Audimeter, kinachofungwa kwenye redio na kuandika chenyewe imefunguliwa lini na katika stesheni gani. Mwaka 1950 akakitia katika televisheni. Chombo hakisahau wala hakisemi uongo. Lakini chombo hakijui kama mbele ya televisheni yuko baba, mama, au paka amelala. Ndipo kukatafutwa shajara, kijitabu ambacho kila mtu wa nyumba aandike alichotazama robo saa baada ya robo saa kwa wiki nzima. Na mwaka 1987 kikaja kipima-watu, ambacho kila mmoja wa nyumba ana kitufe chake, akikaa kutazama akibonyeze na akiondoka akibonyeze. Mimi nina wajukuu wanne nyumbani. Sikwambii vitufe hivyo vingebonyezwa namna gani.

Hapa kwetu kwa muda mrefu vipimo vimetegemea zaidi kuuliza kuliko mashine. Kampuni ya Steadman ilikuwa ndiyo mashuhuri. Ilinunuliwa na Synovate mwaka 2008, nayo Synovate ikamezwa na Ipsos mwaka 2011. Karani alikuja mlangoni na karatasi, au kijitabu kikaachwa nyumbani. Baadaye yakaja maswali ya simu, na GeoPoll wakaleta yale ya ujumbe mfupi, ambayo ndiyo namna aliyoieleza mwenye hoteli wa Mutomo. Mamlaka ya Mawasiliano nayo hutoa ripoti zake za watazamaji na wasikilizaji. Katika vipimo vya namna hii nchi hukatwa vipande, na kipande kimoja huitwa Mashariki ya Chini. Ndani ya kipande hicho wametiwa Kitui, Makueni na Machakos, kapu moja.

Hebu tulitazame kapu hilo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata Kitui watu 1,136,187, Makueni 987,653, na Machakos 1,421,932. Yaani katika kila watu 10 wa kapu, 4 ni wa Machakos. Na Machakos ndiko iliko Mavoko, pamoja na Athi River, Mlolongo na Syokimau, majumba ya ghorofa ya watu waendao kazini Nairobi asubuhi na kurudi jioni. Basi mpangaji wa Syokimau, mwenye umeme wa saa zote, anamsemea mchunga mbuzi wa Ikutha juu ya nini kinatazamwa Ikutha. Wote wawili wameandikwa Mashariki ya Chini.

SIFURI SI SIFURI

Sasa nakuomba, msomaji, unisamehe, maana nitatia hesabu. Ni hesabu ya chuoni, si ya chuo kikuu.

Mpishi akitaka kujua chumvi ya mchuzi haywi sufuria nzima, huonja kijiko. Hilo ni sawa, na yeyote anayewacheka watafiti kwa kuuliza watu 3,000 na kuisemea nchi nzima hajui asemalo. Kijiko kinatosha, lakini kwa sharti mbili: mchuzi uwe umekorogwa, na usitake kijiko kilekile kikwambie habari za kila kipande cha nyama kilichomo.

Tuseme utafiti umeuliza watu 3,000 katika Kenya nzima, kila kaunti kwa kadiri ya watu wake. Kenya mwaka 2019 ilikuwa na watu 47,564,296. Fungu la Kitui litakuwa watu 72. Fungu la Makueni, 62. Hesabu ileile ya 2019 ilionyesha kwamba kiasi cha nyumba 4 katika 10 nchini ndizo zenye televisheni inayofanya kazi, na vijijini ni chini ya hapo. Tuwape Kitui hizo 4 katika 10 kwa ukarimu. Wamebaki watu 29. Hao 29 ndio sauti ya kaunti ambayo ukubwa wake ni zaidi ya kilomita 30,000 za mraba, toka Mwingi mpaka mpaka wa Tsavo.

Ikiwa stesheni fulani imepata asilimia 20 katika nchi nzima, kwa watazamaji kama 1,200 walioulizwa, basi wanahesabu watakwambia ukweli yamkini uko kati ya 18 na 22. Ni kipimo kizuri hicho, nitakitetea mimi mwenyewe. Lakini asilimia 20 hiyohiyo ikitoka kwa watu 29 wa Kitui, ukweli wake unaweza kuwa popote kati ya 5 na 35. Kati ya 5 na 35! Fundi wa nguo akikwambia kanzu yako itakuwa na urefu kati ya shubiri 3 na 9, utampa kitambaa chako? Na ukitaka kulipunguza kosa hilo liwe nusu, hapana budi uulize watu mara nne zaidi, na ulipe mara nne. Hapo ndipo mwenye mfuko anapotazama upande mwingine.

Na ile sifuri yangu je? Hili ndilo lililonichoma zaidi nilipolifahamu. Ukiuliza watu 72, na hata mmoja asiseme ndiyo, haina maana kwamba hakuna mtu. Wanahesabu wana kanuni nyepesi: chukua 3, igawe kwa idadi ya uliowauliza. Tatu kwa 72 ni kama 4 katika kila 100. Yaani huenda watu 4 katika kila 100 wa Kitui wanakitazama kipindi hicho na wewe usimkute hata mmoja wao. Nne katika mia ya Kitui ni zaidi ya watu 45,000. Toa watoto wachanga, toa vikongwe, punguza nusu nzima ukitaka. Bado wamebaki watu wa kuujaza uwanja wa mpira, na katika karatasi ya yule kijana wameandikwa duara tupu.

Sisemi kwamba mimi nilikuwa na watu elfu arubaini. Huenda nilikuwa na mwalimu yule na mkewe tu. Ninalosema ni kwamba kijana yule hakuwa na njia ya kujua, na alinena kama aliyejua.

HABARI ZA KARANI

Nilipofika Kitui, katika matanga, nilikutana na bwana mmoja wa Makueni aliyewahi kufanya kazi ya ukarani wa utafiti, miaka kadhaa iliyopita, kwa kampuni ambayo nayo sitaitaja. Tulikaa chini ya mwembe baada ya adhuhuri, akanieleza kazi yenyewe. Karani hupewa pa kuanzia, mathalan skuli au soko. Huenda upande wa mkono aliotajiwa, huruka nyumba kadhaa, huingia ya tano, na humo hachagui mtu amtakaye bali yule kanuni inayemwangukia. Ni utaratibu mzuri, umetungwa na watu wenye akili.

"Lakini, mzee," akaniambia, "huo ni utaratibu wa mahali penye nyumba mstari mmoja. Kwetu nyumba moja iko juu ya kilima hiki, ya pili iko ng'ambo ya mto wa mchanga. Hiyo ya tano ni mwendo wa saa mbili. Nawe umeambiwa ukamilishe watu kadhaa kwa siku."

"Basi ukifanyaje?"

"Nilikuwa nikienda kwa miguu siku za mwanzo. Baadaye nilifanya walivyofanya wenzangu. Nilibaki karibu na barabara."

Sikumlaumu, na yeye hakujisifu. Ujira wake ulikuwa kwa karatasi, si kwa vilima. Lakini fikiria maana yake. Nyumba zilizo karibu na barabara ya Wote au Emali ndizo zenye nguzo ya umeme, ndizo zenye antena inayoshika vizuri, ndizo zenye duka. Mchuzi umeonjwa juu juu, pale mafuta yanapoelea.

Ujumbe wa simu umeyaondoa mambo ya vilima, hilo nakiri. Haupandi mlima, wala hauchoki. Lakini umeleta yake. Hesabu ya 2019 iliona kwamba chini ya nusu ya Wakenya wa umri wa miaka 3 na zaidi ndio wenye simu yao wenyewe. Atakayejibu ni mwenye simu, mwenye chaji, ajuaye kusoma, na apendaye kusumbuka kwa kredi kidogo. Nyanya wa Mutitu anayekijua kila kipindi cha redio ya Kikamba kwa sauti ya mtangazaji wake hayumo. Ni kosa lilelile la Hooper na simu zake, limerudi limevaa nguo mpya.

Na wingi hauliponyi. Mwaka 1936 gazeti moja la Marekani, *Literary Digest*, lilikusanya majibu ya zaidi ya watu milioni 2 juu ya nani atakuwa rais, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akamzoa Landon vibaya. Watu wale milioni 2 walitolewa katika orodha za wenye simu na wenye magari, na mwaka ule wa dhiki wengi wasio na simu wala gari walikuwa wa Roosevelt. Bwana Gallup aliyeuliza wachache zaidi, lakini akawachagua vyema, alipata.

Wala nisidhaniwe naionea Kenya. Kule Marekani kwenyewe, mwaka 1963 Baraza la Wawakilishi liliwaweka wapimaji kitako na kuwahoji, na yaliyotoka humo yakafanya kuundwe baraza la kuwakagua mwaka uliofuata. Mwezi Septemba 2021 baraza hilo hilo lilisimamisha ithibati yake kwa vipimo vya televisheni vya Nielsen kwa nchi nzima, baada ya kuonekana kwamba wakati wa janga la korona walihesabu watazamaji pungufu. Na India mwaka 2020 polisi wa Mumbai walidai kwamba nyumba zilizofungwa mashine zilikuwa zikipewa fedha ili televisheni iachwe katika stesheni fulani, hata kama hakuna anayetazama. BARC, wapimaji wao, wakasimamisha kutoa tarakimu za stesheni za habari. Penye mizani na fedha, mkono hautulii.

Tofauti yetu ni kwamba wenzetu wana mtu wa kuikagua mizani, na anapoiona imepinda husema hadharani. Kwetu, stesheni zikigombana juu ya utafiti, kila moja hunukuu ule uliompendeza. Nimeona wiki moja stesheni mbili zikijitangaza kila moja kuwa ya kwanza, na yamkini zote mbili zilikuwa na karatasi ya kuthibitisha.

Kuna na jambo la kioo cha wengi, ambalo ndilo nililoanza nalo. Vipimo vya Ulaya na Marekani vimejengwa juu ya nyumba: familia moja, sebule moja, kioo kimoja. Ukambani, kama kwetu Pwani vijijini, kioo kimoja ni cha mtaa. Mwaka 2015 mitambo ya zamani ilipozimwa na kila mtu akatakiwa kuwa na king'amuzi, ziko televisheni Kitui na Makueni zilizogeuka kuwa meza za kuwekea vitambaa vya kufuma, na watu wakahamia kwa aliyeweza kununua. Watoto hutazama kwa jirani mwenye sola. Wanaume hutazama hotelini. Hayo yote ni kutazama, na mwenye sabuni angefurahi kuyajua. Lakini katika nyumba ya mtu yule aliyeketi dirishani Mutomo hakuna televisheni, na kwa hivyo yeye si mtazamaji.

Au pengine mwenye sabuni hataki kuyajua. Hapa nitasema nionavyo mimi. Watafiti hawawapangi watu kwa kaunti tu, huwapanga na kwa daraja za maisha: una friji, una gari, sakafu yako ni ya nini. Stesheni yenye watazamaji wachache wenye friji hupata matangazo kuliko yenye wengi wenye sakafu ya udongo. Basi hata Kitui na Makueni wakihesabiwa barabara, kichwa kwa kichwa, bado watawekwa katika kibaba cha mfuto. Kipindi kinachomwambia mkulima wa Makueni habari za maembe yake, au kinachomwambia wa Kitui mvua za Oktoba zimechelewa kwa nini, kitashindana na mchezo wa kuigiza uliotafsiriwa kutoka Mexico, na hakimu ni mwenye kuuza friji.

Mimi sitaki tarakimu zichomwe moto. Kabla ya tarakimu tulikuwa na mkubwa mmoja ofisini aliyependa au asiyependa, na mashairi yaliondolewa vilevile, bila hata karatasi. Ninachotaka ni kitu cha kawaida kabisa, ambacho muuza samaki wa Marikiti anakifanya kila siku: aonyeshe jiwe la mizani. Stesheni ikitangaza kwamba ni ya kwanza Mashariki ya Chini, iandike chini yake waliulizwa watu wangapi Kitui, wangapi Makueni, wangapi Machakos, na kwa njia gani. Wakiwa 29, iandike 29. Mara moja kwa mwaka, makarani walipwe kwa siku badala ya karatasi, waende hotelini na madukani saa moja jioni wahesabu vichwa kama nilivyohesabu mimi, na waulize kwa Kikamba. Na kipindi kisiuawe kwa sifuri iliyotoka kwa watu 72.

Nilipokuwa nikirudi, nilipita tena Mutomo. Mwenye hoteli alinitambua kwa kofia, akanitolea simu yake aniambie kwamba wale watu wamemletea tena maswali asubuhi ile. Nilimsihi safari hii ajibu kweli, na akiweza awaambie kuna watu 31. Akaniangalia kwa huruma.

"Shehe," akasema, "hawakuweka mahali pa kuandika hilo."

Nimeiandikia stesheni moja barua ya adabu kuuliza idadi ya walioulizwa Kitui na Makueni katika tangazo lao la mwisho. Nimeambatanisha na bahasha yenye stempu na anwani yangu, kama tulivyofundishwa zamani. Huu ni mwezi wa pili, bahasha yangu haijarudi.